Bokori Iko Sawa

Wanaosema wivu ni ugonjwa wa wake wenza hawajawahi kufundisha shule moja na mtu anayependwa kuliko wao. Mke mwenza angalau ana jiko lake na mlango wake wa kufunga. Walimu huketi meza moja na kunywa chai ya birika moja, na watoto wakicheka kwa raha darasa la jirani, kicheko chao kinapenya ukuta kikukute umeshika chaki na huna la kuchekesha.

Hesbon Wepukhulu alikuwa akifundisha Somo la Jamii katika shule moja ya msingi iliyozungukwa na mashamba ya mahindi, ukitoka Kitale kuelekea Kiminini. Alikuwa mzaliwa wa Bokoli, upande wa Bungoma, mtu mrefu wa miaka arobaini na sita, na kila alipokosa la kusema alivua miwani akaipangusa kwa tai. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa safari. Hicho si cheo. Hakina barua wala kiti chake. Lakini muulize mtoto yeyote aliyepitia shule ile anakumbuka nini, hatakutajia desimali hata moja. Atakuambia siku Mwalimu Hesbon alipowapeleka makumbusho ya Kitale, au kwenye mapango ya Mlima Elgon kuona ukuta ambao ndovu huukwangua wakitafuta chumvi, au Chetambe kuona mahali Wabukusu walipopigana na Waingereza.

Na kazi yenyewe aliijua. Wiki moja kabla ya safari alikwenda peke yake kwanza, akapima njia na kuhesabu vyoo. Watoto wanaotapika aliwajua kwa majina. Aliwakalisha mbele, kila mmoja na mfuko wake wa khaki. Mayai alikuwa ameyapiga marufuku asubuhi ya safari. Aliwapanga watoto wawili wawili akawaita mapacha, mmoja akipotea mwingine apige kelele. Kuwahesabu aliwahesabu kwa kuwagusa kichwani, si kwa macho, kwa sababu mwaka mmoja alihesabu begi lililovaa kofia, na mtoto akabaki chooni kule Kapenguria akiimba.

Shida yake ilikuwa moja tu, nayo ilikaa mdomoni. L na R zilikuwa zikimchezea. Akiita moja, mara nyingi inakuja nyingine. Bokoli hakuna anayecheka kwa jambo hilo, wote ndivyo wanavyosema. Kitale lakini ni mji wa watu mchanganyiko, na watoto wa mjini hawasamehe. Basi Hesbon akajifunza kuyazunguka maneno kama mtu anayezunguka dimbwi. Hakusema mwalimu, alisema ticha. Hakusema gari, alisema basi. Mlima Elgon aliuita Masaba, kama walivyouita babu zake, na watu wakadhani ni kupenda kwao. Neno mila, ambalo mwalimu wa safari hulihitaji kila siku, alilitupa kabisa akashika utamaduni, neno refu lisilo na mtego ndani yake. Aliishi hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyegundua.

Januari akaja Linah Jelagat.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, kwao upande wa Suam, na ualimu alikuwa ameusomea Pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata mwalimu mkuu, Bwana Kimaiyo, alikuwa akisahau alichotaka kumwambia akabaki kusikiliza. Jelagat hakujigamba, na hilo ndilo lililomuudhi Hesbon zaidi. Mtu wa kujigamba unaweza kumchukia bila kujiuliza. Huyu alimwamkia Hesbon kwa heshima kila asubuhi, akamwachia kiti cha dirishani, na akamuuliza, kweli kweli, jinsi ya kuwatuliza watoto wa gredi ya sita. Hesbon alimwonea wivu kwa mwandiko wake. Alimwonea wivu kwa vile watoto walivyogombania kumbebea vitabu. Siku moja aliwakuta wasichana watatu wakiigiza anavyotembea, akahisi kama ameibiwa. Miaka kumi na moja, hakuna mtoto aliyewahi kuigiza anavyotembea yeye.

Mwezi wa Mei ukafika mkutano wa wazazi. Hesbon akasimama kutangaza safari za mwaka. Alikuwa amejipanga vizuri, maneno yote ameyapitia nyumbani. Lakini baba mmoja aliyeketi mstari wa nyuma akainua mkono.

"Hizi safari kila mwaka, kila mwaka. Watoto wanaenda kujifunza nini haswa?"

Ni swali ambalo lingemchoma mwalimu yeyote. Hesbon akapandwa na joto, na mtu akipandwa na joto hazunguki tena dimbwi, analikanyaga.

"Mzazi, watoto wanaenda kujifunza mira!" akasema kwa sauti kubwa. "Wataonyeshwa mira, wataelezwa mira, watashika mira kwa mikono yao!"

Kisha mama mmoja akauliza, kwa hofu ya kweli kabisa, "Ati miraa? Gredi ya sita watafune?"

"Ya Meru ama ya wapi?" yule baba akadakia, na watu wakaangua kicheko mpaka viti vikalia.

Jelagat ndiye aliyesimama. Hakucheka. "Wazazi," akasema kwa upole, "Mwalimu anasema mila. Mila na desturi zetu." Akaeleza kwa dakika mbili, na watu waliokuwa wakicheka wakaanza kupiga makofi.

Kile kicheko Hesbon angekisahau. Kuokolewa ndiko alikoshindwa kusahau. Alimtazama yule dada akiketi na kutengeneza sketi yake, akatamani angecheka na wengine.

Wiki iliyofuata Bwana Kimaiyo alimwita ofisini. "Mwalimu, faili ya safari nimempatia Madam Jelagat. Si adhabu, usichukulie vibaya. Ni vile tu wazazi wanamwelewa. Wewe utamsaidia, si ndio?"

"Sawa, ticha," Hesbon akasema, akaipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Ile faili ilikuwa ya bluu, imechakaa pembeni, na ndani yake kulikuwa na miaka kumi na moja kwa mwandiko wake. Alitaka irudi. Hakuna kitu kingine alichotaka mwaka huo.

Na safari ya kwanza ambayo Jelagat aliipanga, kati ya mahali pote palipo chini ya jua, ilikuwa ya Bokoli. Alikuwa amesikia habari za Mzee Khisa, aliyejenga nyumba ya msonge uani kwake akaweka humo vitu vya kale vya Wabukusu: ngao, vigoda, litungu la nyuzi saba, mirija ya kunywea pombe ya busaa, mawe ya kusagia. Mzee huyo alipoanza kusimulia, watu walisahau njaa.

"Mwalimu, huko si ndiko kwenu?" Jelagat akamuuliza. "Tuunganishe na mzee, tafadhali. Wewe utakuwa mwenyeji wetu."

Hesbon akawaunganisha, meno yameumana. Apelekwe kwao kama mgeni, na mtu wa Suam! Asimame uani kwa mzee anayemjua tangu yuko uchi, ahesabu watoto, huku mwingine akifafanua mambo ya babu zake kwa Kiswahili kisicho na doa!

Jumatano ya wiki ya safari, masomo yalipokwisha, simu yake ikalia. Alikuwa amesimama kwenye ua wa shule. Aliyepiga alikuwa Mzee Khisa.

"Mulembe, mwana wetu."

"Mulembe, kuka," Hesbon akajibu, kama mjukuu anavyomwita babu.

"Sikia. Shemeji yangu wa Lwakhakha amefaliki. Tunazika Ijumaa, na mimi ndio wa kuongea na watu huko, siwezi kosa. Sasa huyo madamu wako mwambie musikuje hiyo siku. Jumatatu ndio nitakuwa."

"Pole sana, kuka. Nitamwambia."

"Mwambie sasa hivi, bana, usisahau. Watoto ya watu wasikuje kukaa hapa bule."

Tusimsingizie Hesbon. Alipokata simu alikuwa na nia ya kusema. Aliingia chumba cha walimu moja kwa moja, mdomo uko tayari. Jelagat alikuwa juu ya kiti, anabandika ratiba ukutani. Hesbon akaisoma. Saa nne, Mzee Khisa anasimulia. Saa tano, Madam Jelagat anafafanua na kujibu maswali. Na chini kabisa, karibu na kona: Kuhesabu watoto, Mwl. Hesbon.

"Mwalimu, Bokoli hakuna shida?" Jelagat akauliza bila kugeuka, pini mdomoni.

Hesbon akasoma tena ule mstari wa mwisho.

"Bokori iko sawa," akasema.

Mambo yakawa hivyo. Baada ya maneno hayo, mengine yalijipanga yenyewe kichwani. Wangefika, mzee hayupo. Madam angebabaika mbele ya watoto hamsini na wanane, angepiga simu, angejaribu kusema mambo ya kwenye vitabu. Kisha yeye Hesbon angesogea taratibu, nyumbani kwao, asimulie. Habari zingefika Kitale kabla ya basi. Faili ingerudi. Alhamisi nzima alitembea na wazo hilo kama mtu mwenye peremende mdomoni, na jioni akapiga pasi shati jeupe mara mbili, mpaka mkewe Joan akamuuliza, "Unaenda kuhesabu watoto ama unaenda kuoa?"

Ijumaa basi likaondoka saa moja na nusu. Watoto waliimba mpaka Kiminini, wakabishana mpaka Kamukuywa, na karibu na Misikhu msichana mmoja akatapika ndani ya mfuko kama alivyofundishwa. Hesbon alimfuta, akampa maji. Alipoketi, Jelagat akaja akakaa kando yake. Hakuwa na uchangamfu wake wa kila siku.

"Mwalimu," akasema polepole, "kuna jambo lolote ungependa kuniambia kabla hatujafika?"

Hesbon akavua miwani. "Hakuna," akasema.

Jelagat akatazama nje, mahindi yanapita. Kisha akarudi kiti chake cha mbele.

Kwa Mzee Khisa mlango wa ua ulikuwa wazi. Mikeka ilikuwa imetandikwa kivulini, vikombe vimepangwa, na sufuria kubwa ya uji ilikuwa ikitoa mvuke jikoni. Mama Sellah, mke wa mzee, alitoka akijifuta mikono kwa leso. Hesbon aliviona vitu hivyo vyote, lakini alikuwa amejaa mambo yake, hakujiuliza uji wa watu sitini unapikiwa nani siku ambayo wageni hawatarajiwi.

"Karibuni, watoto," Mama Sellah akasema. "Mzee hayuko. Ameenda mazishi Lwakhakha." Na aliposema hivyo hakumtazama Jelagat. Alimtazama Hesbon, kwa muda mrefu kidogo.

Hesbon akasubiri Jelagat ababaike. Hakubabaika. Jelagat aliwageukia watoto, akawaambia waketi, kisha akasema kama jambo la kawaida kabisa, "Basi leo tuna bahati. Mwalimu Hesbon ni wa hapa. Mwalimu, tusimulie."

Hesbon alichukizwa. Alikuwa ametaka amwone akihangaika angalau dakika tano. Lakini nyuso hamsini na nane zilikuwa zimemgeukia, na nafasi ndiyo hiyo.

Akaingia msongeni, akatoka amebeba jiwe la kusagia, akaliweka chini mbele ya watoto. Alitaka kuyazunguka maneno, akaona hawezi, hadithi ya kwao haina njia za pembeni. Akaacha. Akawaambia juu ya nyanya wa nyanya yake, mwanamke aliyeishi ndani ya kijiji chenye ukuta wa udongo na handaki. Vita vikaja, watu wakaambiwa wabebe walichoweza wakimbie. Mmoja akabeba kuku, mwingine ngozi ya kulalia. Yeye akamfunga mtoto mgongoni, na kichwani akaweka jiwe la kusagia.

"Watu wakamwambia, wee, tupa hiyo jiwe, utakufa nayo balabalani!" Hesbon akasema, mikono hewani. "Akakataa. Akatembea nayo siku mbiri."

"Kwa nini, Mwalimu?" mtoto mmoja akauliza.

"Kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa mira yake. Jiwe lilitoka kwa mama yake. Mahindi utapewa na mtu njiani. Jiwe rinalojua mkono wa mama yako utapewa na nani?"

Hakuna aliyecheka. Alisema mira mara kumi, labda ishirini, na hakuna aliyecheka. Walisogea, wakasogea tena, mpaka wa mbele wakawa wanagusa viatu vyake. Alipowaruhusu kulishika lile jiwe, walilishika mmoja mmoja, kimya, na msichana yule aliyetapika alilalisha shavu juu yake. Hesbon akamtupia jicho Jelagat. Alikuwa ameketi mkekani katikati ya watoto, anasikiliza mdomo wazi kidogo kama wao. Raha aliyoisikia Hesbon saa ile hakuwahi kuisikia tangu aanze ualimu. Nimemshinda, alijiambia. Leo nimemshinda.

Walirudi saa kumi na moja kasorobo. Watoto walishuka wakilitaja jina lake, wakawakimbilia wazazi waliokuwa wakingoja langoni, na wawili walikuwa tayari wamebeba mawe ya barabarani kichwani. Hesbon alibaki kwenye ngazi ya basi akigusa vichwa. Hamsini na wanane. Jelagat akaja na faili ya bluu kwapani, akangoja mpaka mtoto wa mwisho akashuka.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Ulikuwa unajua nini?"

"Jana nilimpigia Mama Sellah nikauliza kama kuna mikeka. Akaniambia mzee ameenda Lwakhakha, na kwamba alikupigia wewe Jumatano." Sauti haikupanda. "Nikamwomba apike uji. Nikasema tutakuja hivyo hivyo."

Hesbon hakupangusa miwani.

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Nilingoja jana. Leo asubuhi nikangoja. Hata kwa basi nilikuuliza." Sasa macho yake yalikuwa yamelowa, lakini kwa hasira. "Watoto hamsini na wanane, Mwalimu. Kama nisingepiga simu, kusingekuwa na uji, kusingekuwa na mikeka, na ule msonge ungekuwa na kufuli. Ungesimulia ukiwa umesimama wapi? Ungeniambia tu kwamba unataka kusimulia. Ningekuachia. Nani hapa angeweza kusimulia vile?"

Mtu akikutukana una la kujibu. Jelagat hakumtukana. Alichobaki nacho Hesbon ni ule wivu wake uleule, umekaa palepale, ila sasa hakumwonea kwa mwandiko wala kwa Kiswahili. Alimwonea wivu kwa kuwa mtu ambaye angeweza kumwaibisha na hakumwaibisha. Kiswahili mtu anaweza kujifunza. Hili angelijifunzia wapi?

Bwana Kimaiyo alikuwa akija kutoka langoni, ametabasamu mpaka masikioni. Wazazi walikuwa wameshamjaza habari.

"Mwalimu Hesbon! Nasikia Bokoli umewatoa watoto machozi! Na mzee mwenyewe hayuko! Madam, ilikuwaje?"

Jelagat akamtazama Hesbon. Alimpa muda. Ulikuwa muda wa kutosha kabisa kusema maneno matano au sita.

Hesbon akavua miwani, akaipangusa.

"Mzee alipata msiba ghafla," Jelagat akasema hatimaye. "Mwalimu akatuokoa."

"Basi mimi naona tulikosea," Kimaiyo akasema. "Madam, hutakasirika nikimrudishia safari?"

"Ni zake," Jelagat akasema, akaitoa ile faili kwapani, akamnyooshea Hesbon kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima unayemheshimu.

Hesbon alijua kwamba angepaswa kuikataa. Alijua pia maneno ya kuikataa, na hayakuwa magumu kutamka. Wazazi walikuwa wakitazama.

Akaipokea. "Asante, ticha," akasema.